Kasuku wa Zaituni na Mdomo wa Hamisi

Nawaonea wivu nyinyi mnaoanza utabibu sasa, na afadhali niseme mapema kuliko mje mligundue hilo wenyewe katikati ya maneno yangu. Mna glovu za kuvaa na kutupa. Mna taa inayowaka. Mkikwama mnampigia simu mwenzenu mliyesoma naye, na anawajibu kabla mgonjwa hajamaliza kuvua shati. Mimi nilikuwa na beseni, ndoo ya maji ya ziwa yaliyochemshwa, na Sista Perpetua, muuguzi mkubwa wa zahanati yetu ya Ujiji, ambaye alikuwa akinitania kuanzia asubuhi hadi tunafunga mlango.

Wenzangu waliostaafu wakiombwa kusimulia kazi zao husimulia kipindupindu na ajali za boti. Mimi nitasimulia watu waliong'atwa na kasuku. Msicheke. Siku mtakapoletewa mama ambaye kidole chake cha shahada hakikunjiki tena, mtatamani mngenisikiliza.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Boti zilitia nanga Kibirizi zimejaa watu kutoka ng'ambo, Kongo, na wengine walikuja kwa miguu kutoka Burundi. Anayekimbia vita hubeba kile ambacho mkono umekishika wakati wa kutoka mlangoni. Wapo waliobeba godoro, wapo waliobeba sufuria yenye maharage bado ya moto, na wapo wengi kuliko mnavyodhani waliobeba kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Malori yalipokuja kuwachukua kwenda makambini, ndege waliachwa kwa wenyeji waliowapokea. "Nitunzie, nitarudi." Basi nyumba za Ujiji na Buzebazeba zikajaa kasuku waliopotelewa na wenyewe, mikononi mwa watu ambao walikuwa wamezoea kufuga kuku.

Kasuku si kuku. Huchagua mtu mmoja, na akishamchagua, wengine wote nyumbani ni wezi.

Aliyenifundisha hilo ni mama mmoja kutoka ng'ambo, Mama Furaha, aliyekuwa amehifadhiwa kwa shemeji yake pale Buzebazeba. Alikuja ameshika mkono wake wa kushoto kama amebeba mtoto. Kidole cha pete kilikuwa kimevimba, na kilikuwa chekundu chote kwa mawese.

"Dokta," akasema, "ile ndege haiko mubaya. Eko na wivu tu. Bwana yangu alinishika mukono mbele yake."

"Umepaka nini?"

"Mafuta na chumvi. Shemeji alisema inavuta sumu."

Hapo ndipo penye kosa letu watu wa Kigoma. Kila nyumba ina chupa ya mawese, na kila jeraha linapakwa mawese kabla ya kuonwa na mtu yeyote mwenye akili timamu. Mafuta hayavuti kitu. Yanaufunika uchafu ndani, na mdomo wa kasuku una uchafu wa kutosha. Tena mdomo huo haukati kama kisu, unabana na kusaga. Nje utaona tundu dogo la kudharau, kumbe ndani nyama imepondwa mpaka karibu na mfupa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni maji na sabuni. Maji yatiririke juu ya jeraha muda mrefu, mpaka mgonjwa achoke kukutazama na aanze kuuliza kama huna dawa nyingine. Ndipo uendelee kidogo. Halafu iodini, kitambaa safi, mkono uinuliwe juu ya kifua, na sindano ya pepopunda kama hana uhakika alichomwa lini. Tundu la kidoleni usilishone. Ukilishona umefungia usaha ndani. Na kabla ya yote hayo, mkiwa bado mnasalimiana, vua pete. Pete ya Mama Furaha tuliitoa kwa sabuni na uzi, na alilia zaidi kwa pete kuliko kwa kidole. Siku ya pili kidole kilivimba mara mbili. Ingekuwa bado imo, tungetafuta msumeno.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na nilikuwa mtu wa kuwaza. Kila jambo nililigeuza upande huu na ule kama chapati. Nilijua kwamba ndege haambukizi kichaa cha mbwa. Nilikuwa nimeulizwa kwenye mtihani. Lakini Mama Furaha alipoondoka nikaanza kujiuliza, je, kama kasuku huyo alikuwa amempiga mdomo mbwa mwenye kichaa asubuhi ileile? Nikafungua vitabu vyangu vyote juu ya meza ya kufungia bandeji.

"Uliulizwa kwenye mtihani?" akasema Sista Perpetua.

"Ndiyo."

"Ukapata?"

"Nilipata."

"Sasa mbona ulikuwa unamwangalia yule mama kama unasubiri abweke?"

Sista alikuwa akisema kwamba mimi nawaza mpaka jeraha linapona lenyewe. Alikuwa na haki ya kusema. Lakini kuwaza kwangu kuliwahi kumsaidia mzee mmoja wa Mwandiga, aliyekuja na homa, kichwa kinamgonga, na kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Kila mtu alimtibu malaria. Mimi, kwa kuwaza, nikamuuliza anaishi na nani nyumbani. Akasema na mkewe, na kasuku kumi na kitu kwenye tenga moja, amewanunua kwa wakimbizi ili awauze. Kasuku wengine walikuwa wanaharisha, na yeye ndiye aliyekuwa akifagia mavi yao makavu. Kuna homa ya namna hiyo inayotoka kwa kasuku, na ina dawa yake, ambayo si ya malaria. Basi mgonjwa wa mapafu akikushinda, muulize kuhusu ndege. Na anayefagia tenga anyunyize maji kwanza, asifagie vumbi kavu.

Sasa nije kwa Zaituni, kwa sababu bila Zaituni nisingejua nusu ya haya.

Zaituni alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya zahanati, mbele ya nyumba ya mama yake, Bi Hadija, na Zaituni ndiye aliyetushonea mashuka. Familia moja ya ng'ambo ilimwachia kasuku aitwaye Bosi. Bosi alikaa juu ya cherehani siku nzima akiuangalia mkono wa Zaituni ukizungusha gurudumu, na kila alipokata uzi, naye alikata kipande cha kitambaa chake. Zaituni alimpa chikichi mdomoni, alimkuna shingo, alimwambia maneno ambayo sijawahi kuambiwa na mtu. Nilimwonea wivu ndege yule kwa namna ambayo ningeona haya kuieleza chuoni.

Nilikuwa nataka kumwoa Zaituni. Niseme wazi. Nilipeleka suruali zangu kupunguzwa mpaka Sista Perpetua akaniuliza kama nina mpango wa kurudi darasa la kwanza. Bi Hadija aliliona, na hakulichukia. Siku moja aliniita nikinawa mikono uani kwake.

"Idrisa mwanangu, baba yako mzima huko Mwandiga?"

"Mzima, mama."

"Miguu yake inatembea?"

"Inatembea."

"Basi mbona hatumwoni hapa kwetu? Au anangoja nimfuate?"

Mtu mwingine angepanda gari la Mwandiga jioni ileile. Mimi nilianza kuwaza. Bosi alikuwa akiniuma kila nilipokwenda: mara ukucha, mara nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole, mara sikio. Nikajiambia, mwanamume ambaye kasuku wa nyumba hamtaki ataishije humo? Zaituni atachoka kutuamulia. Afadhali nikubaliwe na ndege kwanza, ndipo nimtume baba. Niliona ni hoja nzuri sana. Nilimweleza Sista. Aliniangalia, akaendelea kuhesabu vidonge.

Nilimfuata Bosi kisomi. Nilijifunza macho yake: mboni inapofinyika na kupanuka haraka, inafinyika na kupanuka, mkono wako usiwe karibu. Nilijifunza manyoya ya shingoni yanavyosimama, mkia unavyofunguka kama pepeo, mwili unavyoinama chini kama wa paka. Niligundua kwa nini wasichana waliokuwa wanakamua mawese walikuwa waking'atwa zaidi: vidole vyao ni vyekundu na vina harufu ya chikichi, na ndege anadhani ameletewa chakula. Nikawafundisha wote kunawa kwa sabuni kabla ya kumgusa. Nao wakapona vidole, na mimi nikaendelea kung'atwa.

Halafu akaja Hamisi.

Hamisi alikuwa fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Alileta turubai la kushonwa, akasimama kibandani akicheka jambo fulani, na mimi nilikuwepo, nimeketi kwenye kigoda na suruali yangu. Alinyoosha mkono mweusi kwa grisi, bila hata kumtazama ndege, kama mtu anayeegemea ukuta. Bosi akapanda. Akatembea mpaka begani, akaanza kumpanga nywele.

"Huyu ndege wenu mpole," akasema Hamisi.

Zaituni akasimamisha cherehani. "Mpole? Muulize Daktari."

"Daktari, anakuuma?"

"Wakati mwingine," nikasema.

"Kila siku," akasema Zaituni.

Hamisi alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko Bosi. "Nyoosha mkono nione."

Nikanyoosha. Bosi akainama. Nikaurudisha kidogo. Nikaona aibu, nikaunyoosha tena. Akanikamata kidole.

"Usiuvute!" akasema Hamisi. "Daktari, wewe unamwendea kama unakwenda kumdunga sindano. Mkono unaenda, unarudi, unaenda, unarudi. Hata mimi ningekuuma."

Zaituni alicheka mpaka akafunika uso kwa turubai. Niliubeba ule mcheko nyumbani, nikaugeuza wiki nzima. Je, alimcheka Hamisi au alinicheka mimi? Je, alicheka kwa sababu Hamisi alisema kitu cha kuchekesha, au kwa sababu Hamisi ndiye aliyesema?

Hata hivyo alichosema ni kweli, na kiandikeni. Mkono unaositasita humtisha ndege. Ama unyooshe, utulie, ama usinyooshe kabisa. Akikushika usivute, maana ukivuta unachana nyama yako mwenyewe. Msogezee mkono taratibu upande wake, au ushushe mpaka mezani, ataachia ili asianguke. Usipige kelele. Kasuku anapenda kelele, na ukilia leo, kesho atakuuma ili akusikie ukilia tena. Usimpige wala usimpulizie usoni. Mpe mgongo, ondoka, rudi baadaye.

Lakini mimi nami nilikuwa na la kumwambia Hamisi, na nililisema siku ileile.

"Usimweke begani. Mkononi, sawa. Begani yuko karibu na jicho, sikio na mdomo, na wewe humwoni macho yake."

"Ana wivu huyu," Hamisi akamwambia Zaituni, na alikuwa akininyooshea kidole mimi, si ndege.

Kuanzia siku hiyo Hamisi alikuwa na maturubai mengi kuliko boti za ziwa zima. Nikipita dirishani mwa zahanati naiona fulana yake. Nikitoka kunawa mikono nasikia sauti yake. Bosi begani, chai mkononi, Zaituni anasukuma cherehani polepole ili asikie hadithi. Nilimwonea wivu Hamisi kwa ajili ya Zaituni, na, mniamini, nilimwonea wivu kwa ajili ya Bosi pia. Nilikuwa nimemsoma ndege yule kama kitabu. Yeye hakusoma chochote.

Bi Hadija aliacha kuniuliza kuhusu miguu ya baba yangu.

Hatimaye nikaamua. Nikamtumia baba ujumbe kwamba Ijumaa aje Ujiji baada ya swala, avae kanzu yake nzuri. Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo, mchana, watu wanakula, nikasikia ukelele nyuma ya zahanati, kisha miguu inakimbia. Mlango ukafunguliwa kwa bega. Hamisi ameshikwa na Zaituni upande mmoja na Bi Hadija upande mwingine, kanga ya Zaituni iko mdomoni mwake, na kanga yenyewe imelowa damu.

"Bosi," akasema Zaituni. "Alikuwa begani. Hamisi aliinama kuniambia kitu sikioni."

Nilijua kila kilichotokea kana kwamba nilikuwepo. Begani, uso unasogea kwa Zaituni, mboni zinafinyika na hakuna anayeziona. Nilikuwa nimesema. Nilitamani mtu mmoja tu pale aseme kwamba nilikuwa nimesema.

Nikaondoa kanga. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka kwenda juu, kupita ule mstari ambapo wekundu wa mdomo unakutana na ngozi. Na ndani ya jeraha, bila shaka, mawese.

"Nilimpaka kidogo tu," akasema Bi Hadija.

"Mama, mnatoa wapi mawese haraka hivyo?"

"Si yalikuwa kwenye maharage," akasema.

Nikaosha. Nikaosha mpaka maji ya beseni yakatoka meupe, nikamwaga, nikaosha tena. Kidole huachwa wazi, nimekwisha kuwaambia, lakini uso ni tofauti. Uso una damu nyingi, unapona haraka, na ukiuosha vizuri na mgonjwa akawahi, unaweza kuushona. Nikamdunga ganzi. Sista Perpetua akapanga vyombo. Na kwenye mdomo kuna siri moja: uzi wa kwanza ni wa ule mstari. Usianze juu wala chini. Anza pale pale wekundu unapokutana na ngozi, kwa sababu ukikosea upana wa unywele, mtu huyo atakuwa na mdomo uliopinda hadi kaburini, na kila atakayemtazama ataona hapo kwanza. Tia alama kabla ganzi haijavimbisha.

Nilikuwa nimeshika sindano. Zaituni alikuwa amemshika Hamisi mkono. Si kwa kumzuia asirukeruke. Hamisi hakuwa akirukaruka. Alikuwa amemshika tu, vidole ndani ya vidole, kama watu ambao wamekwisha kufanya hivyo siku nyingine.

"Daktari," akasema Zaituni, "naomba asibaki na kovu. Nakuomba."

Mtu huombea hivyo uso anaotarajia kuutazama kila siku. Nilielewa kabla hajafunga mdomo. Baba yangu alikuwa Mwandiga anapigisha pasi kanzu.

Sista Perpetua aliniinamia kama anayenisogezea mkasi. "Mkono wako leo hausiti," akasema kwa sauti ya chini.

"Nina hasira, Sista."

"Basi kasirika mpaka umalize."

Nikashona. Sikuwaza chochote. Ni mara ya kwanza tangu nitoke chuoni. Uzi wa kwanza kwenye mstari, halafu ndani, halafu nje, nyuzi nyembamba, karibu karibu. Nilipomaliza, pande mbili za mdomo wa Hamisi zilikuwa zimekutana kama shati lililofungwa vifungo sawasawa. Nikampa sindano ya pepopunda na dawa ya kuzuia usaha. Nikamwambia asile cha moto, asicheke sana, asitafune vitu vigumu.

"Nitampikia uji," akasema Zaituni.

Hamisi akajaribu kusema kitu. Mdomo wa ganzi haukumtii. Aliponyooshea kidole upande wa kibanda na kufanya ishara ya kukata shingo, tukaelewa.

"Umchinje Bosi?" Zaituni akamwachia mkono.

Hapo nilikuwa na nafasi, na nyinyi vijana mngeiona. Ningenyamaza tu. Wangegombana kwa sababu ya kasuku, na Ijumaa baba angeingia na kanzu yake. Lakini mtu aliyeng'atwa akiondoka bila kuambiwa namna ya kutong'atwa tena, hujamtibu. Umemfunga bandeji tu. Nikawakalisha wote wawili. Nikawaambia ndege hana kosa. Wakikutana, Bosi awe kwenye kijiti chake upande wa pili wa chumba. Chikichi, ambayo anaipenda kuliko vyote, asipewe tena na Zaituni, awe anapewa na Hamisi peke yake, ili ndege aone kwamba huyu akija mambo yanakuwa mazuri. Begani, kamwe. Na uso wa mtu yeyote, hasa wa mtoto mkiwa naye, usisogezwe karibu na mdomo ule.

Nilisema "mkiwa naye". Zaituni akainamisha macho. Bi Hadija akaniangalia muda mrefu.

"Idrisa mwanangu," akasema, na hakumaliza.

Ijumaa baba alikuja. Nilimlaki kituoni, tukaenda Kibirizi kununua migebuka, akarudi Mwandiga na samaki wake na kanzu safi. Hakuniuliza. Njiani alisema tu kwamba Ujiji siku hizi kuna watu wengi.

Nyuzi za uso msiziache zikae kama za mguu. Baada ya siku tano hivi zitoeni. Zikikaa zaidi zinaacha alama zake zenyewe, kama ngazi. Hamisi alikuja siku niliyomwambia, Zaituni yuko nyuma yake. Nikakata uzi mmoja mmoja, nikivuta kuelekea kwenye jeraha, si mbali nalo, ili lisifunguke. Nikapangusa. Kulikuwa na mstari mmoja mwembamba wa rangi ya waridi, na mimi nilijua kwamba kabla ya mwaka kuisha hata huo ungepotea.

"Naweza kuona?" akauliza Hamisi.

Zahanati ilikuwa na kioo kimoja kizito, kimetoka kwenye fremu yake, na ilibidi kishikwe kwa mikono miwili. Nikakiinua mbele ya uso wake. Hamisi akageuza shingo huku na huku. Zaituni akainama aone naye, shavu lake likagusa la Hamisi, wakawa wawili ndani ya kioo, wanatazama ule mdomo, halafu wanatazamana humo humo, wanacheka.

"Kaka Idrisa," akasema Zaituni, bila kuacha kutazama, "kiinue kidogo."

Nikakiinua.